Miti ya Juni, Mvua ya Desemba

Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora

 

Nimeombwa nizungumzie sherehe zisizoharibu mazingira, na namna ya kuwaamsha watu ili mazingira wayaone kuwa ni mambo yao. Msemaji wa mada hii hutegemewa aanze na barafu inayoyeyuka na hewa ukaa. Mimi nitaanza na kalenda ya ukutani, maana naona ubovu wa sherehe zetu nyingi za mazingira umeanzia hapo: tunasherehekea siku ambayo ardhi yetu haina habari nayo.

Mvua za Tabora huanza Novemba zikaishia Aprili. Kwa mwaka tunapata milimita 900 hadi 1,000 hivi, na karibu zote hunyesha ndani ya miezi hiyo sita. Mei hadi Oktoba ni kiangazi, nyasi zinakauka, visima vinashuka, moto unapita. Hilo mnalijua kuliko mimi. Sasa tazameni siku kuu za mazingira. Siku ya Misitu Duniani ni 21 Machi. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni 1 Aprili. Siku ya Mazingira Duniani, inayoadhimishwa tangu 1973, ni 5 Juni. Mche unaopandwa Ntalikwa tarehe 21 Machi unapata mvua za mwezi mmoja na kidogo. Wa tarehe 1 Aprili unapata manyunyu ya kuagana. Wa tarehe 5 Juni hauoni tone mpaka Novemba, isipokuwa yupo mtu mwenye ndoo na moyo wa kwenda kisimani kwa ajili yake miezi mitano mfululizo.

Tarehe 5 Juni ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo, mwaka 1972, ulifunguliwa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira mjini Stockholm, Sweden. Ni tarehe ya kumbukumbu ya mkutano. Hakuna aliyesema popote kwamba siku hiyo lazima mtu ashike jembe na mche. Hilo tumelizua wenyewe.

Na sherehe zenyewe mnazijua. Shimo limechimbwa jana na vibarua. Kibao chenye jina la mgeni rasmi kimeshapakwa rangi. Mgeni aliyetarajiwa saa tatu anafika saa tano, wanafunzi wakiwa wamesimama juani tangu asubuhi. Anapokea mche, anautumbukiza, anasukuma udongo kwa koleo mpya, anamwagia maji, mpiga picha anaomba arudie kidogo. Makofi. Halafu soda, maji ya chupa, na pilau.

Hebu tusogee karibu na lile shimo. Mche unakuja ndani ya kiriba, kile kifuko cheusi cha nailoni. Kabla ya kupanda, kiriba huchanwa kwa wembe ubavuni na kutolewa taratibu ili bonge la udongo lishuke shimoni zima, mizizi isipasuke. Inahitaji mikono miwili na dakika moja ya utulivu, na dakika hiyo ndiyo isiyopatikana mbele ya kamera. Miche mingine huzikwa na viriba vyake. Mizizi huzunguka humo ndani hadi ikajisonga yenyewe. Mingine kiriba huvutwa kwa nguvu, udongo ukamwagika wote. Na baada ya msafara kuondoka, mahali pale pamebaki vifuko vyeusi vilivyotawanyika, vizibo vya chupa na vijiti vya kufungia mabango. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 1 Juni 2019. Vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya katazo hilo, na viriba vimo humo. Sawa, sheria haijavunjwa. Lakini siku nne tu baada ya kumbukumbu ya katazo hilo, kila mwaka, tunawaachia watoto wa shule uwanja uliojaa nailoni na kuliita somo la mazingira.

Sisemi haya kwa dharau. Hitaji la miti ni kubwa kweli. Takwimu za serikali zimekuwa zikitaja upotevu wa misitu wa hekta zaidi ya 460,000 kwa mwaka nchini. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mkoa wetu una halmashauri nane, kwa hiyo ni miti milioni 12 kila mwaka katika mkoa wa Tabora pekee. Tungekuwa tumeipata hata nusu yake ikiwa hai, leo tungekuwa tunakutana kivulini badala ya chini ya turubai hili. Ripoti hupenda idadi ya miti iliyopandwa kwa sababu idadi hiyo hupatikana jioni ile ile. Idadi ya iliyoishi hupatikana Oktoba, na Oktoba hakuna mgeni rasmi.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano wa namna ya kuigeuza hesabu hiyo. Wangari Maathai alianza na miti saba, katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, tarehe 5 Juni 1977. Ndiyo, tarehe ile ile ninayoilalamikia. Lakini chama kilichokua kutokana na siku hiyo, Green Belt Movement, hakikuishi kwa sherehe. Kiliwapa akina mama wa vijijini kazi ya vitalu, na malipo yao, senti chache tu, yalitolewa kwa mche ulioshika. Mche uliokufa haukulipiwa. Fikirieni jinsi sharti hilo moja linavyobadilisha kila kitu: aliyeotesha anafuatilia, anamkumbusha jirani amwagilie, anagombana na mwenye mbuzi. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akina mama hao walikuwa wamefikisha mamilioni ya miti.

Kenya hiyo hiyo, tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande miti, kwa lengo la miche milioni 100 siku moja. Unaweza kuibishia hiyo milioni 100, na mimi nina mashaka na kila namba inayotimia kwa siku moja. Tarehe lakini siibishii. Kwa sehemu kubwa ya nchi yao mvua za vuli zilikuwa zinanyesha.

Sisi nasi tuna tarehe yetu, na tunayo tangu 1961. Tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, Tabora huwa imeshaloa. Udongo umelainika, mvua zimekolea, na mbele kuna miezi minne ya maji ya bure kutoka juu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mwaka ule wa 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge wa Uhuru na bendera juu ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta gwaride la siku hiyo na kuagiza nchi ifanye usafi, kipindupindu kikiwa kinaua watu. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka mtaani karibu na Ikulu. Wapo waliosema ni maonyesho. Inawezekana. Lakini sikukuu ya taifa ilikuwa imegeuzwa siku ya kazi, na wananchi walielewa bila kuhitaji semina. Kwa Ntalikwa, siku ya kupanda miti ni 9 Desemba. Likizo ipo tayari na mvua ipo tayari. Kinachokosekana ni miche, na nitalirudia hilo mwishoni.

Kwa bahati mbaya Mwenge wenyewe hukimbizwa kuanzia Aprili hadi 14 Oktoba, yaani karibu mbio zote ziko ndani ya kiangazi chetu. Mbio za 2023 na za 2024 zilibeba ujumbe wa kutunza mazingira, na ujumbe ulikuwa mzuri. Mwenge ukipita hapa uzindue kisima, uzindue jiko, ukague miti iliyopandwa Desemba. Wakimbiza Mwenge wasipewe miche ya kupanda. Tukiwapa ni sisi wenyeji tunaowadanganya wageni.

Je, 5 Juni tuifute? Hapana, ina kazi yake, na ni kazi ambayo wataalamu wa misitu ya miombo wameihimiza kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi bado zina ubichi kidogo. Moto ukiwashwa wakati huo kwa uangalizi unatambaa chini, unakula majani makavu na kuacha miti. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa na upepo mkali, unapanda juu, unaua machipukizi na kuunguza mizinga. Kwa hiyo Juni ndio mwezi wa moto huo wa mapema, na wa kufyeka njia za kuzuia moto kuzunguka misitu ya vijiji na mashamba ya miti. Sherehe ya mapanga na mafyekeo, kila kitongoji na kipande chake. Haina picha nzuri kama ya mche, nakubali. Mrina asali yeyote wa hapa atawaambia ina faida gani.

Kuna kazi nyingine ya Juni inayohitaji wembe wa akili tu. Miombo ina sifa ya kuchipua. Ukikata mtundu au myombo, kisiki chake hutoa machipukizi mengi, na mizizi yake imeshashika ardhi miaka mingi. Ukichagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, ukapogoa mengine, ukaweka alama ili ng'ombe na jembe viyakwepe, unapata mti unaokua haraka kuliko mche wowote wa kitalu, na hukuumwagilia hata kikombe. Kule Dodoma kazi hii inaitwa Kisiki Hai, na tangu 2018 taasisi ya LEAD Foundation ikishirikiana na Justdiggit imeieneza vijijini, pamoja na mambo mengine kwa kuonyesha sinema usiku kwenye viwanja. Watu wanatazama, wanacheka, kesho yake wanaonyeshwa kisiki shambani kwao. Dodoma ni kavu kuliko sisi. Ikiwa visiki vya Dodoma vinaamka, vya Ntalikwa vina udhuru gani?

Hapo nimegusa suala la kuamsha watu, na nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu nchi hii iliwahi kulifanya vizuri sana. Wazee mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni mbili walijiunga na makundi ya kusikiliza redio. Kila kundi lilikuwa na mwongozaji aliyefunzwa na kijitabu chake. Mnasikiliza kipindi, redio inazimwa, mnajadili: sisi hapa kijijini hali yetu ikoje, na wiki hii tutafanya nini? Hamwachani kabla hamjaamua. Matokeo yake vilichimbwa vyoo kwa mamia ya maelfu, madimbwi yakafukiwa, majani kuzunguka nyumba yakafyekwa. Baadaye, mwaka 1980, ikaja Misitu ni Mali kwa mtindo huo huo. Ushindi wa Mtu ni Afya ulipimwa kwa futi za shimo la choo.

Leo tukisema kuhamasisha, fedha ya kwanza inakwenda kwenye fulana. Fulana ile inafuliwa mara tatu, herufi zinabanduka, inakuwa ya kufutia pikipiki.

Ukienda kaskazini, Shinyanga, utakuta kilichowezekana pale mikutano ilipofungamana na sheria za wenyeji. Ardhi ya kule ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwanza kwa ajili ya kuua mbung'o, halafu kwa pamba na mifugo, mpaka watu wakaiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliodumu hadi 2004. Maofisa wake wa kwanza walikuja na miche. Haikufika mbali. Mambo yalikaa sawa walipogundua kwamba wenyeji walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, desturi ambayo Wanyamwezi nao wanaijua. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizobaki zilikuwa za hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta iliyotolewa Johannesburg.

Walitumia ngoma, michezo ya kuigiza na video, hawakuidharau burudani. Lakini baada ya ngoma kulikuwa na dagashida, baraza la wenyeji, lililoamua nani afunge wapi, nani afungue lini, na anayeingiza ng'ombe kinyume atoe nini. Sungusungu wakasimamia. Ngoma iliwaleta watu uwanjani na dagashida ikawabana baada ya kurudi nyumbani. Huku kwetu tumebaki na ngoma, tena siku hizi ya spika.

Sasa nije kwenye sherehe zetu wenyewe, zile zisizo na bango la mazingira. Hizo ndizo nyingi. Siku za mazingira ni tatu au nne kwa mwaka; harusi, misiba, maulidi, komunio, mahafali na mikutano ya vyama havihesabiki. Tukitaka kujua sherehe inakula nini, twende jikoni nyuma ya nyumba.

Mafiga matatu ya mawe, sufuria la kupikia watu mia mbili, upepo unapita chini, nusu ya moto inapasha joto hewa ya Ntalikwa. Kuni zimeletwa kwa mkokoteni tangu juzi, nyingine mbichi, zinatoa moshi na machozi. Kando kuna katoni za maji ya chupa ndogo, kwa sababu kamati imesema wageni wa mjini hawanywi maji ya pipa. Kesho asubuhi chupa zinakusanywa na kuchomwa shimoni pamoja na maganda ya ndizi, na moshi ule mweusi unaingia kwa jirani ambaye pengine hakualikwa.

Nani alituambia kwamba kikombe cha bati ni aibu? Chama cha kufa na kuzikana cha hapa, kama vyama vingine vya namna hiyo, kina maturubai, kina masufuria, kina sahani na vikombe vinavyozunguka nyumba kwa nyumba. Sahani moja imekula misiba mingapi? Hicho ndicho ambacho Ulaya wanakilipia washauri wakakiandikie waraka. Kabla tu ya michezo ya Olimpiki ya London 2012, shirika la viwango vya kimataifa lilitoa kiwango kizima, ISO 20121, cha namna ya kuendesha matukio bila kuharibu mazingira. Sikidharau, kwa uwanja wa watu 80,000 kinahitajika. Ila kwa harusi ya Ntalikwa, kabati la vyombo la chama cha kuzikana linatosha, na halihitaji mkaguzi kutoka Geneva. Ongezeni mapipa mawili yenye koki, maji yachemshwe jana yake, yapoe usiku.

Suala la kuni ni gumu zaidi na sitawadanganya. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliamriwa kuacha kuni na mkaa tangu Januari 2024. Harusi haimo katika agizo hilo, ingawa inalisha watu mia mbili kwa mchana mmoja. Gesi ya kupikia sufuria la namna ile, kwa umbali wetu na bei yetu, si jambo la mwakani. Jiko banifu la taasisi, lile la kujengwa kwa matofali au la bati lenye bomba la moshi, ni jambo la mwakani kabisa. Chama kikinunua mawili ya kuhamishika, yakakaa na maturubai, kila shughuli katika kata itayakodi. Akina mama wanaopika ndio watakaowapa takwimu: wahesabu mizigo ya kuni ya shughuli moja kabla na baada. Mimi nitaamini hesabu yao kabla ya kipeperushi cha mwenye kiwanda.

Hata hivyo nisipolisema hili mtaniona mnafiki. Harusi inaunguza kuni mchana mmoja. Bani la tumbaku linaunguza kuni usiku na mchana, karibu wiki nzima kwa kila awamu ya kukausha, na awamu ni kadhaa kwa msimu. Tumbaku ya mvuke imejenga nyumba za bati Tabora na kusomesha watoto, wamo waliomo humu, na siyo siri kwamba imekula miombo mingi kuliko pilau zetu zote zikijumlishwa. Mkulima hutakiwa kupanda miti, na wengi hupanda, kwa masharti yale yale ya kuhesabiwa siku ya kupanda. Kituo cha utafiti cha Tumbi, hapo hapo jirani, kilishafanya majaribio ya miaka mingi na miti inayokua haraka, ikiwemo akesia ya Australia iitwayo Acacia crassicarpa. Mkulima anaipanda pamoja na mahindi miaka ya mwanzo, na mwaka wa tano anavuna kuni kwenye shamba lake mwenyewe. Elimu ipo hapa hapa Tabora. Kama tutakuwa na sherehe moja tu ya mazingira kwa mwaka, ningependa iwe safari ya wakulima kwenda Tumbi kwa miguu na baiskeli.

Mtu mmoja ataniuliza: mbona unadhani watu wa hapa watatunza miti? Watazame miembe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu, Unyanyembe. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 walikuta mji wa biashara. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, hapa jirani, mwaka 1872, na tembe ya kumbukumbu yao ipo hadi leo. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kila jioni ulikuwa sherehe isiyoalikwa: kuni, maji, nafaka, kinyesi, vyote kwa siku moja mahali pamoja. Njia ile ilibeba watumwa pia, na hatuwezi kuipamba. Lakini pamoja na madhila yake ilituachia embe. Miembe ilishika njiani na makambini, ikazaliana, hadi leo embe la Tabora lina jina lake sokoni Dar es Salaam. Hakuna aliyezindua miembe ile. Iliishi kwa sababu ilitia kivuli juu ya kichwa cha mtu na kitu mkononi mwake, na mti wenye mlaji una mlinzi. Ndiyo maana nawaomba walimu: mti wa kwanza wa shule uwe wa matunda. Mtoto atakayekula embe darasa la mwisho ataulinda tangu darasa la kwanza, kwa manati ikibidi.

Tukishapata embe, twende kwenye mninga, mti wetu wa fahari, na hapa kuna jambo wahesabuji wa Oktoba lazima walijue. Mche wa mninga, miaka yake ya mwanzo, hukauka kiangazi. Shina lote juu ya ardhi linakufa. Mtu akipita Septemba anaona kijiti kikavu, anaking'oa, anaandika umekufa. Chini yake mzizi ulikuwa unanenepa. Mvua zikirudi unatoa shina jipya, na mchezo huo unaweza kwenda miaka kadhaa kabla mti haujaamua kupanda juu kwa haraka. Kwa hiyo mninga usihesabiwe Oktoba. Uhesabiwe Januari, na usichimbuliwe na mtu yeyote mwenye hamu ya kujaza fomu. Wazee waliokuwa wakiulinda bila kitabu walijua.

Sasa ile miche ya 9 Desemba. Ikitakiwa Desemba, kitalu kianze Julai au Agosti, karibu na maji, chini ya kivuli cha nyasi. Matunda ya mninga huokotwa kiangazi hiki hiki chini ya miti, kabla moto haujapita. Lile tunda lenye ukingo mwembamba mviringo na miba katikati, hupunguzwa ukingo, mbegu zikatolewa kwa uangalifu, na nyingi hazioti, kwa hiyo okoteni mara tatu ya mnachohitaji. Viriba vihesabiwe vinapotoka na vihesabiwe vinaporudi. Asiyerudisha kiriba asipewe mche mwaka ujao. Kila mche uwe na mwenye jina, mtu aliye hai anayelala Ntalikwa, asiwe mheshimiwa anayelala Dodoma. Fedha ambayo ingenunua fulana iwekwe na mweka hazina mpaka Oktoba, igawanywe kwa miche iliyoshika, na ya mninga ingoje Januari.

Limebaki suala la mbuzi. Ua la miba la mche mmoja linatosha dhidi ya mbuzi mmoja, halitoshi dhidi ya kundi, na kila mmoja wetu anajua ni makundi ya nani yanayozurura baada ya mavuno. Sheria ndogo za Manispaa zinaweza kuweka faini, na mkutano huu unaweza kuamua leo kama mbuzi wafungwe Desemba hadi Machi au wachungwe upande wa mtoni. Mimi ni mgeni, sitaamua. Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Naomba maswali yaanze na wenye mbuzi.